Kwa nini sekunde 24? Msimu wa Syracuse Nationals, 1954/55

Ukiangalia mechi ya kikapu ya NBA leo, juu ya ubao utaona saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma: 24, 23, 22... Ikifika sifuri na timu yenye mpira haijarusha, mpira unakwenda kwa wapinzani. Umewahi kujiuliza kwa nini 24? Kwa nini si 20 au 30, namba ambazo mtu yeyote angezichagua bila kuumiza kichwa?

Jibu linatoka Syracuse, mji usio mkubwa katika jimbo la New York, na ndani yake kuna hesabu ya kugawanya ya shule ya msingi. Ila ili uione thamani yake, hebu kwanza nikupeleke kwenye mechi mbovu kuliko zote.

Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons walisafiri kwenda kucheza na Minneapolis Lakers. (Ndiyo, Lakers hawa hawa wa Los Angeles. Walianzia Minneapolis, na jina lao linatokana na maziwa ya jimbo lile. Pistons nao walikuwa timu ya mwenye kiwanda cha pistoni.) Lakers walikuwa mabingwa, na walikuwa na George Mikan, jitu la sentimita 208 ambalo hakuna aliyejua namna ya kulizuia. Pistons wakapiga mahesabu: tukishindana naye kufunga, tumekwisha. Basi wakaamua kutoshindana. Walishika mpira wakatulia nao. Dakika inapita, mpira uko mkononi, mashabiki wanazomea, na sheria haikuwa na la kusema.

Matokeo: Pistons 19, Lakers 18. Hapo sisemi robo ya kwanza, nasema mechi nzima ya dakika 48. Robo ya mwisho iliisha 3 kwa 1. Ukiacha mitupo ya adhabu, timu zote mbili kwa pamoja zilirusha mpira golini mara 31 tu. Mikan peke yake alifunga 15 kati ya zile 18. Larry Foust akapachika kikapu cha ushindi zikiwa zimebaki sekunde chache, wageni wakaenda zao nyumbani wakicheka.

Mimi siwalaumu. Kama ningekuwa kocha wao, ningefanya vilevile. Kosa lilikuwa kwenye sheria, kwa sababu iliruhusu kupoteza muda kuwe mbinu bora. Sisi tuliokulia kwenye soka tunamjua vizuri kipa anayejilaza chini dakika ya 85 timu yake ikiongoza. Sasa fikiria kipa huyo analala dakika 20, na refa hana kadi.

Ugonjwa huu ulikuwa na mwenzake. Timu iliyo nyuma ilikuwa na njia moja tu ya kuupata mpira: kucheza faulo. Machi 1953, Boston Celtics na Syracuse Nationals walicheza mechi ya mtoano iliyokwenda muda wa ziada mara nne. Faulo zilipita 100. Bob Cousy wa Boston alifunga pointi 50, na 30 kati ya hizo zilikuwa za mitupo ya adhabu, yaani pointi za mtu aliyesimama peke yake huku wenzake wanamtazama. Syracuse wakatolewa.

Mwenye timu ya Syracuse aliitwa Danny Biasone, mzaliwa wa Italia aliyeletwa Marekani akiwa mtoto, na riziki yake ilikuwa ukumbi wa bowling. Yeye na meneja Leo Ferris walijiuliza swali zuri sana. Hawakuuliza, "Mchezaji anahitaji muda gani kurusha?" Waliuliza, "Mechi ambayo watu waliifurahia ilikuwa na mirusho mingapi?" Wakaona ni kama 60 kwa kila timu, yaani 120. Mechi ina dakika 48, sawa na sekunde 2,880. Gawanya kwa 120. Unapata 24.

Hapa wanatakwimu mtatabasamu. Ile 24 ni wastani, wao wakaifanya kikomo. Ukimwambia mtu asizidi wastani wa jana, wastani wa kesho lazima ushuke, kwa hiyo mirusho ingezidi 120. Sidhani kama Biasone angeona hilo ni tatizo.

Agosti 1954 aliwaita wenye timu wenzake Syracuse, wakatazama mechi ya majaribio kwenye ukumbi wa shule. Ligi ikakubali, na ikaongeza kikomo cha faulo za timu kwa kila robo, maana dawa moja bila nyingine isingetosha. Msimu wa 1953/54 kila timu ilikuwa inafunga wastani wa pointi 79.5. Msimu wa 1954/55 ukapanda hadi 93.1. Hata hivyo Baltimore Bullets walifilisika msimu ukiwa umeanza tu, zikabaki timu nane. Ligi yenyewe ilikuwa inapumulia puani.

Syracuse walishinda 43 na kupoteza 29. Walikuwa na Dolph Schayes, na kijana mgeni Johnny Kerr. Na walikuwa na Earl Lloyd, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NBA, Oktoba 31, 1950, kisha akachukuliwa jeshini. Kazi aliyopewa ilikuwa ile isiyoonekana kwenye magazeti: kukaba wafungaji wakubwa, huku kuna miji ambayo timu ikifika yeye haruhusiwi kula pale wanapokula wenzake.

Fainali ikawakutanisha na nani? Fort Wayne Pistons, timu ile ile ya 19 kwa 18. Pistons hawakuweza hata kutumia uwanja wao, kwa sababu ulikuwa umeshakodishwa kwa mashindano ya bowling (Biasone lazima alicheka), wakahamia Indianapolis. Kila mwenyeji akashinda kwake, ikawa 3-3, na mechi ya saba ikachezwa Syracuse tarehe 10 Aprili 1955.

Robo ya pili, Pistons waliongoza kwa pointi 17. Simama hapo. Kwa sheria ya mwaka uliotangulia, mechi ilikuwa imeisha: shika mpira, tulia, subiri. Safari hii kila sekunde 24 walilazimika kurusha, na kila walipokosa Syracuse walipata nafasi. Pengo likaliwa kidogo kidogo mpaka ikawa 91-91. Zikiwa zimebaki sekunde 12, George King akafunga mtupo mmoja wa adhabu. Pistons wakaja na mpira, King yule yule akaupora. 92 kwa 91. Lloyd na mwenzake Jim Tucker wakawa wachezaji weusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NBA.

Mwaka 1963 timu iliuzwa ikahamia Philadelphia, ndiyo hao 76ers unaowaona leo. Syracuse hawajapata timu nyingine ya NBA. Katikati ya mji wao wamejenga mnara wa saa, na saa hiyo inahesabu kuanzia 24.