Hamamu ya Kidichi na Bweni Letu

Ndugu wanachama, kabla hatujanunua saruji ya kukarabati bweni letu kuukuu hapa Kigongo, yafaa tuitazame Kidichi, Unguja. Huko Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, hamamu mwaka 1850, wapate kuoga na kupumzika baada ya mawindo. Bibi yule alipenda mno farasi na kuwinda. Ndani zikatiwa nakshi za chokaa za Kiajemi, maua hata ndege, jambo ambalo Waibadhi hawakulizoea. Nyumba ya mapumziko ya jirani imetoweka. Hamamu ingalipo, ila ukungu umezitia weusi nakshi zake.

Kuta za chokaa hupumua. Ukizipaka saruji, unyevu hunaswa ndani na plasta hubanduka. Bweni letu nalo ni la chokaa. Naomba kamati itafute kwanza fundi wa chokaa.