Mvinyo wa bei nafuu: Lebo na ulimi ndio mizani

Bei ya juu si hakikisho la mvinyo bora. Mnunuzi wa kawaida aweza kupata chupa nzuri kwa bei ya wastani, mradi ajue kusoma lebo na kuuamini ulimi wake.

Mvinyo wa Afrika Kusini, unaopatikana katika maduka makubwa humu nchini, ni mfano mwafaka. Tangu 1973, taifa hilo limekuwa na utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo wake. Iwapo lebo ya mvinyo uliothibitishwa yataja aina moja ya zabibu, sharti angalau asilimia 85 itokane na zabibu hiyo.

Kwa mvinyo mweupe, anza na Chenin Blanc, zabibu inayopandwa kwa wingi zaidi huko. Uchachu wake hufaa samaki. Kwa mwekundu, jaribu Pinotage, aliyoizalisha Profesa Abraham Perold mwaka wa 1925 kutokana na Pinot Noir na Cinsaut. Huandamana vyema na nyama choma.

Mimina kidogo, tazama rangi, zungusha glasi taratibu, nusa, kisha onja. Harufu ya siki au ya karatasi iliyolowa ni ishara ya kasoro. Harufu hii ya pili aghalabu hutokana na kizibo cha gome. Hivyo usidharau chupa yenye kifuniko cha kuzungusha.

Hata hivyo, urahisi usikuponze. Kabla ya kulipa, kagua stempu ya ushuru ya KRA. Chupa isiyo nayo huenda ni ya magendo au bandia, na bandia huhatarisha maisha.