Kuvuma

Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na kila aliye karibu husikia. Masikio nayo huvuma, lakini mvumo huo humfikia mwenyewe tu. Anayesikia mlio mwembamba kama wa filimbi husema masikio "yanalia". Madaktari huiita hali hii tinitasi. Makadirio ya mwaka 2022 yanasema huwapata watu wazima wapatao 14 katika kila 100.

Kitenzi hicho "kuvuma" ndicho kimezaa pia "uvumi", habari isiyojulikana ilikotoka. Mvumo wa masikioni unacho chanzo. Nadharia yenye nguvu ni kwamba neva ya usikivu ikidhoofika, ubongo hujiongezea usikivu kufidia pengo, hata ukasikia sauti isiyokuwepo. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya Mass Eye and Ear, Boston, waliwapima watu wenye tinitasi ambao vipimo vya kawaida vilionyesha wanasikia vizuri. Wakakuta dalili za neva iliyopungua nyuzi.

Basi tukiiandika tinitasi kwa Kiswahili, tuandike "mvumo wa masikioni", si "uvumi". "Uvumi" tuuache mitaani: mgonjwa hazushi.