Kikohozi Kilichofukuzwa Uswisi

Nilipokuwa bwana mifugo huku nyanda za juu kusini, nilizoea kuingia kwenye mabanda ya nguruwe alfajiri, kabla hawajapewa chakula. Nguruwe aliyelala hakohoi. Waamshe, wakimbizane kidogo, kisha simama kimya usikilize. Kikohozi ninachokisema ni kikavu, huja mfululizo, mnyama akiwa amenyoosha shingo na kupinda mgongo. Wenye mabanda waliniambia ni vumbi la pumba. Sikuwa na maabara ya kuthibitisha lolote. Nilikuwa na masikio yangu, na siku za sikukuu nilipata kuyaona mapafu ya waliochinjwa: sehemu za mbele, zile za chini karibu na moyo, zimekuwa ngumu na zambarau, ukizikata unadhani umekata nyama.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba homa hii ya mapafu inaletwa na virusi. Mwaka 1965 watafiti wa Uingereza na wa Marekani, kila upande kivyake, walimtambua mhusika: bakteria mdogo mno aitwaye Mycoplasma hyopneumoniae. Hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini, ambayo kazi yake ni kuuvunja ukuta huo, haimfanyi kitu. Nilichoma penisilini miaka mingi kabla ya kulijua hili, na fedha za wafugaji zilizopotea zinaniuma hadi leo. Bakteria huyo hujishikiza kwenye vinyweleo vya njia ya hewa, vile vinavyofagia uchafu, akaviharibu. Maradhi mengine yakapata mlango. Peke yake haui sana. Nguruwe anakula, anakohoa, hanenepi, na mwezi wa kuuza unasogea mbele.

Tiba za mwanzo zilikuwa kali. Huko Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1950, mtafiti George Young aliwatoa watoto wa nguruwe tumboni kwa upasuaji siku chache kabla ya kuzaliwa na kuwalea mbali na mama yao, wasipate kupumua pumzi yake. Wengine waliuza kundi zima, wakasafisha banda na kuanza upya na nguruwe safi. Wafugaji wa Uswisi walipita njia hiyo ya kuanza upya, banda moja baada ya jingine. Lakini bakteria huyu husafiri kwa hewa hata kilomita kadhaa, na katika kantoni ya Lucerne, ambako nguruwe wamesongamana kuliko kwingine kokote nchini humo, mtu alisafisha kwake kwa gharama kubwa, kisha upepo ukamrudishia ugonjwa kutoka kwa jirani.

Hapo ndipo alipoingia daktari wa mifugo wa Uswisi, Werner Zimmermann. Mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha njia isiyohitaji kuuza kundi zima, na mimi naiheshimu kuliko dawa yoyote niliyowahi kuibeba kwenye mkoba. Msingi wake ni umri. Nguruwe aliyevuka miezi kumi katika kundi lililoambukizwa kwa kawaida ameshajijengea kinga, na wanaoendeleza maambukizi hasa ni wadogo. Basi ondoa bandani wote walio chini ya miezi kumi. Kwa siku kumi hadi kumi na nne asizaliwe mtoto hata mmoja. Osha, pulizia dawa, na majike na madume waliobaki wachanganyiwe antibiotiki kwenye chakula. Bakteria anakosa pa kuhamia. Mfugaji anabaki na majike wake, ile damu aliyoichagua kwa miaka.

Kazi ya kuufukuza ugonjwa Uswisi nzima ilianza mwaka 1996, eneo kwa eneo. Mabanda ya kuzalisha yalifuata njia ya Zimmermann. Ya kunenepesha yaliachwa matupu kabisa. Hebu fikiria maana yake kwa mfugaji: lazima upange upandishaji wa majike miezi kadhaa kabla, ili wiki hizo mbili zisiwe na uzazi, na jirani zako nao wawe wamepanga vivyo hivyo. Mmoja akikaidi, wote wamo hatarini. Ilipofika mwaka 2004 maeneo yote yalikuwa yamekamilika.

Ulinzi haukukoma hapo. Ugonjwa huu ni wa lazima kuripotiwa Uswisi. Machinjioni wakaguzi huyatazama mapafu yaleyale niliyokuwa nikiyatazama mimi, na wakitia shaka, sampuli hupelekwa maabara kutafuta vinasaba vya bakteria. Makundi machache yameambukizwa tena tangu hapo, na bakteria huyo amekutwa pia kwa nguruwe pori wa nchi hiyo, ambao hakuna awezaye kuwapangia kalenda ya uzazi.

Ndugu mfugaji, kabla hujanunua kitoto cha nguruwe, nenda kwa muuzaji alfajiri. Mwombe awaamshe wote, na usitoe fedha mpaka umesikiliza.