Python: Namna ya kusafisha orodha bila kumpoteza mtu

ORODHA ya majina ni kitu cha kawaida katika maisha ya Wakenya. Kamati za basari huwa nayo, vyama vya akiba na mikopo huwa nayo, na vivyo hivyo shule, makanisa, misikiti na hata kamati za mazishi. Mara nyingi majina hayo huandikwa na watu tofauti kwa mitindo tofauti, kisha mtu mmoja hukabidhiwa jukumu la kuyaunganisha yawe orodha moja.

Hapo ndipo matatizo huanza. Jina moja huonekana mara mbili na jingine hutoweka. Nambari ya simu hupoteza sifuri yake ya kwanza. Jumla ya fedha hukosa kulingana na malipo kwa senti moja. Kwa mwanafunzi anayesubiri basari, kosa la herufi moja laweza kuamua iwapo ataketi darasani au atarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kazi ya aina hii ndiyo inayozifaa zaidi lugha za skripti. Hizi ni lugha za kompyuta ambazo maagizo yake huandikwa katika faili ya kawaida ya maandishi na kutekelezwa papo hapo, bila mwandishi kulazimika kuyageuza kwanza yawe lugha ya mashine. Perl, iliyotolewa na Mmarekani Larry Wall mwaka wa 1987, ilisifika kwa kuchambua maandishi. Baadaye Python ilipata umaarufu mkubwa zaidi.

Python ilianza kutayarishwa mwishoni mwa 1989 na Guido van Rossum, raia wa Uholanzi, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam. Ilitolewa kwa umma mwaka wa 1991. Jina lake halikutokana na chatu bali na kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Hupatikana bila malipo. Toleo la 3 lilitolewa Desemba 2008, nalo toleo la 2 likaacha kutunzwa rasmi Januari 1, 2020. Mifano iliyo hapa chini ni ya toleo la 3.

NAFASI, HERUFI KUBWA NA RITIFAA

Kwa macho ya binadamu, "Achieng Atieno" na "ACHIENG  Atieno " ni jina moja. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili, kwani la pili lina herufi kubwa, nafasi mbili katikati na nafasi moja zaidi mwishoni. Kabla ya kulinganisha majina, sharti yaletwe kwenye umbo moja:

    ufunguo = " ".join(jina.split()).casefold()

Agizo hili hulikata jina palipo na nafasi, hulifunga upya kwa nafasi moja moja, kisha huzigeuza herufi zote kuwa ndogo. Inafaa kuzingatia kwamba matokeo yamewekwa katika "ufunguo" wala si katika "jina". Ufunguo ni wa kulinganishia tu. Jina lenyewe hubaki kama mwenyewe alivyoliandika, ili hundi au barua isije ikatoka na jina lililovurugwa.

Tatizo la pili ni la ritifaa. Majina kama Ng'ang'a na Ng'eno huwa na alama hiyo, nayo huja kwa sura zaidi ya moja. Kibodi ya kompyuta hutoa ritifaa iliyonyooka, ambayo katika mfumo wa Unicode ni alama nambari 39. Programu nyingi za kuandikia barua huibadilisha ikawa iliyopinda, ambayo ni nambari 8217. Kwa hiyo Ng'ang'a aliyeandikwa na karani na Ng'ang'a aliyeandikwa na mwalimu mkuu huhesabiwa kuwa watu wawili. Dawa yake ni mstari mmoja:

    ufunguo = ufunguo.replace("’", "'")

Ritifaa hiyo hiyo huwatatiza wanaoanza kujifunza kwa njia nyingine. Python hukubali maandishi yafungwe kwa alama moja au mbili za kunukuu. Anayeandika 'Ng'ang'a' huwa amefunga nukuu baada ya herufi mbili tu, na programu hukataa kwenda. Akiandika "Ng'ang'a", shida huisha. Aidha, jina linapopelekwa kwenye hifadhidata, lisiunganishwe moja kwa moja na agizo la kuhifadhi. Agizo liachiwe alama maalumu ya nafasi, nalo jina lipelekwe kando. Kuunganisha hivyo si kosa la majina yenye ritifaa pekee, kwani ndilo pengo ambalo wahalifu wa mitandaoni hulitumia kupenyeza maagizo yao.

MAJINA MAWILI SI LAZIMA MTU MMOJA

Baada ya majina kusafishwa, wengi hukimbilia kuondoa marudio. Python ina kifaa kiitwacho seti, ambacho hakikubali kitu kimoja kiingie mara mbili, na mstari mmoja unatosha kuyafuta marudio yote. Wepesi huo ndio hatari yenyewe. Katika kata moja wanaweza kuwepo wanafunzi wawili wenye majina yanayolingana kabisa, kila mmoja na wazazi wake. Seti itamfuta mmoja wao bila kutoa sauti.

Kinachomtambulisha mtu katika orodha ni nambari isiyomilikiwa na mwingine, kwa mfano nambari ya usajili wa mwanafunzi pamoja na shule anakosoma. Hata hapo, marudio yasifutwe bali yatengwe:

    if usajili in waliopo:
        marudio.append(mwanafunzi)
    else:
        waliopo[usajili] = mwanafunzi

Hapa "waliopo" ni kamusi, yaani hifadhi ambayo kila kitu huwekwa chini ya ufunguo wake, nayo "marudio" ni orodha ya kando. Usajili ukiwa tayari umeingia, mwanafunzi wa pili hupelekwa kando, na binadamu huamua iwapo ni marudio ya kweli au karani alikosea nambari. Kompyuta ina kasi ya kupata mashaka, lakini uamuzi ni wa mwenye kuwajua watu.

SIFURI ILIYOPOTEA

Nambari ya simu ya rununu nchini Kenya huwa na tarakimu 10 na huanza kwa 0. Programu za majedwali zikiichukulia kuwa nambari ya hesabu, huiondoa sifuri hiyo kwa kuwa haina thamani mbele ya tarakimu nyingine. Python nayo, ikiombwa kuigeuza kuwa nambari nzima, itafanya vivyo hivyo. Kanuni ni kwamba kitu kisichojumlishwa wala kugawanywa kihifadhiwe kama maandishi. Simu, kitambulisho na nambari ya usajili ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Iwapo uharibifu umekwisha kutokea, unaweza kurekebishwa. Kwanza huondolewa kila kisichokuwa tarakimu, kama vile nafasi, vistari na alama ya kujumlisha. Kisha huchukuliwa tarakimu 9 za mwisho na kutanguliwa na 254. Hata hivyo, njia hii ina mtego. Nambari za rununu za Tanzania na Uganda, zinazotanguliwa na 255 na 256, pia huwa na tarakimu 9 baada ya msimbo wa nchi. Mzazi anayefanya kazi Arusha akiorodhesha simu ya huko, programu isiyo na tahadhari itaigeuza kuwa ya Kenya, na ujumbe kuhusu mtoto wake utamfikia mtu asiyemjua.

Kwa sababu hiyo, programu ikubali aina tatu pekee: tarakimu 9, tarakimu 10 zinazoanza kwa 0, na tarakimu 12 zinazoanza kwa 254. Kila nambari isiyoingia katika makundi hayo itengwe ichunguzwe.

SENTI ISIYOONEKANA

Anayeijaribu Python kwa mara ya kwanza hushangaa akiuliza jumla ya 0.1 na 0.2, kwani jibu huwa 0.30000000000000004. Si kwamba lugha hii haijui hesabu. Kompyuta huhifadhi nambari kwa mfumo wa 0 na 1, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyokuwa na mwisho katika desimali zetu. Hivyo hukatwa mahali fulani.

Kosa dogo namna hiyo likirundikana huweza kuua. Mnamo Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora aina ya Patriot mjini Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Iraq, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafariki. Saa ya mtambo huo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila moja ilikatwa kidogo. Baada ya mtambo kufanya kazi kwa takriban saa 100 mfululizo, kosa lilikuwa limefikia theluthi moja ya sekunde, muda ambao kombora husafiri zaidi ya nusu kilomita.

Katika hesabu za fedha, suluhisho ni kuhifadhi kila kiasi kwa senti nzima. Shilingi 100,000 ni senti 10,000,000. Zikigawiwa wanafunzi watatu, kila mmoja hupata senti 3,333,333, na senti moja hubaki:

    fungu, baki = divmod(10000000, 3)

Senti iliyobaki huonekana waziwazi, na kamati huamua iende wapi. Mbadala wake ni kifaa cha Python kiitwacho Decimal, ambacho huhesabu kwa desimali kama afanyavyo mhasibu kwenye karatasi. Kiasi kipewe Decimal kikiwa maandishi, kwa sababu kikipitia kwanza nambari ya kawaida, kosa huingia nacho.

TAREHE YENYE NYUSO MBILI

Kwa Mkenya, 03/04/2024 ni Aprili 3. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Programu iliyoachiwa ikisie haitalalamika mpaka ikutane na tarehe kama 25/04/2024, isiyokubali kusomwa kwa mtindo wa Marekani. Wakati huo tarehe nyingine nyingi zimekwisha kugeuzwa kimyakimya. Ni heri mpangilio utajwe waziwazi:

    tarehe = datetime.strptime(maandishi, "%d/%m/%Y")

Ubashiri wa tarehe umewasumbua hata wanasayansi. Mwaka wa 2020, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba baadhi ya majina yamebadilishwa kwa kuwa programu za majedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe. Jeni iliyoitwa MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1.

HESABU YA KABLA NA BAADA

Kanuni muhimu kuliko zote haihitaji ujuzi wowote wa kompyuta: walioingia sharti walingane na waliotoka. Majina 1,200 yakiingia katika programu, yaliyokubaliwa yakijumlishwa na yaliyotengwa lazima yawe 1,200. Python ina neno mahususi la kusimamia jambo hili:

    assert len(wote) == len(waliopo) + len(marudio) + len(mashaka)

Hesabu isipolingana, programu husimama hapo hapo.

Uingereza ilijifunza umuhimu wa kanuni hii kwa njia ngumu. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, visa 15,841 vya maambukizi ya Covid-19 viliachwa nje ya takwimu za kila siku. Faili zilizotumika zilikuwa za muundo wa zamani wa Excel, usioweza kubeba zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ilikatwa bila onyo. Wagonjwa walikuwa wamepewa matokeo yao, lakini shughuli ya kuwatafuta watu waliotangamana nao ilichelewa. Kulinganisha idadi ya mistari kabla na baada kungeufichua upungufu huo siku ya kwanza.

UJUMBE WA HITILAFU

Wanaoanza huogopa maandishi marefu yanayojitokeza programu inapokwama. Ujumbe huo husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa, na iliyo juu yake huonyesha faili na mstari kosa lilikotokea. KeyError humaanisha ufunguo uliotafutwa haumo katika kamusi. ValueError humaanisha kitu kilichotolewa ni cha aina ifaayo lakini thamani yake haifai, mfano kugeuza neno "hakuna" kuwa nambari. FileNotFoundError humaanisha faili haipo mahali ilipotajwa.

Wapo wanaoziba ujumbe huo kwa kuiagiza programu ipuuze kila hitilafu na kusonga mbele. Huko ni sawa na kuondoa kengele kwa sababu inalia. Kila hitilafu iliyopuuzwa yaweza kuwa jina la mtoto.

Vilevile, faili asilia isiandikwe juu yake kamwe. Programu isome faili moja na kuandika nyingine, na ijaribiwe kwanza kwa majina machache ambayo majibu yake yanajulikana.

Hatimaye, orodha ya watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaohifadhi habari za watu binafsi kuzilinda, na uzito huongezeka habari hizo zikiwa za watoto. Anayekwama na kutaka msaada asimtumie mtu mwingine orodha halisi. Atunge majina matano ya uongo yenye kasoro ile ile, kisha ayatume hayo. Mara nyingi, katika kuyatunga, atakuwa amekwisha kuliona kosa mwenyewe.

Mbinu hizi zote hazizidi mistari 50 ya Python, na mtu mwenye bidii anaweza kuzijifunza kwa wiki chache. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika orodha ya majina, ufa huo huwa nafasi moja ya ziada, ritifaa iliyopinda au sifuri iliyodondoka, nao ukuta hujengwa na mzazi anayerudi ofisini mara ya tatu kuuliza kwa nini jina la mwanawe halimo.