Maktaba ya al-Muthanna na Soko la Vitabu la Baghdad

Mji wa Baghdad ulianza kujengwa na Khalifa Abu Jaafar al-Mansur katika mwaka wa 762, na haukupita muda mrefu vitabu vikawa bidhaa kubwa sokoni mwake. Al-Yaaqubi, aliyeandika habari za mji huo karibu na mwaka wa 891, ametaja maduka zaidi ya 100 ya watu walioitwa warraq. Warraq alikuwa muuza karatasi, mnakili, mjalidi na muuza vitabu, yote hayo mtu mmoja. Tena duka lake halikuwa mahali pa kununua na kuondoka tu. Husimuliwa kwamba al-Jahidh, mwanachuoni wa Basra, alikuwa akiyakodi maduka ya wauza vitabu ili alale humo na kusoma usiku kucha.

Aliyesimulia habari hiyo ni Ibn al-Nadim, naye mwenyewe alikuwa warraq wa Baghdad. Katika mwaka wa 377 Hijria, yaani 987 hivi, alitunga al-Fihrist, orodha ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyoviona au kupata habari zake, pamoja na watungaji wake. Mwaka wa 1258 majeshi ya Hulagu yaliuteka mji, na hazina za vitabu zikaangamia. Vingi katika vitabu alivyovitaja Ibn al-Nadim havionekani tena popote duniani. Kilichobakia ni majina yake, na majina hayo tunayajua kwa sababu muuza vitabu mmoja aliona ni wajibu wake kuyaandika.

Karne nyingi baadaye, katika mwaka wa 1936, kijana mmoja aitwaye Qasim Muhammad al-Rajab alifungua duka lake katika mji huo huo. Kazi alikuwa ameijua tangu utotoni, kwani alitumika katika duka la Nuuman al-Aadhami, mmoja wa wauza vitabu wakubwa wa zama zake. Duka lake mwenyewe aliliita Maktaba ya al-Muthanna, jina linalowakumbusha Wairaki jemadari al-Muthanna bin Haritha. Yafaa ifahamike hapa kwamba kwa Waarabu neno maktaba lina maana mbili: nyumba ya kusomea vitabu, na duka la kuviuzia. Sisi katika Kiswahili tumeichukua maana ya kwanza tukaiacha ya pili. Huko Baghdad maana hizo mbili zilikaa chini ya paa moja, bila ya kugombana.

Duka lilianza katika Suq al-Saray, kisha likahamia jirani, katika mtaa uliopewa jina la mshairi al-Mutanabbi mwaka wa 1932, enzi ya Mfalme Faisal wa Kwanza. Hapo likawa kubwa, na sifa zake zikavuka mipaka ya Iraki. Lakini jambo lililolitukuza zaidi si wingi wa rafu zake. Katika karne ya 19 vitabu vingi vya kale vya Kiarabu vilipigwa chapa kwanza Ulaya: al-Fihrist yenyewe ilitolewa Leipzig mwaka wa 1871 na 1872, na kitabu cha Ibn Khurdadhbih juu ya njia na nchi kilitolewa Leiden mwaka wa 1889. Chapa hizo zilikuwa chache na za bei ghali, hata mwanafunzi wa Kiarabu akawa hana njia ya kukipata kitabu cha babu zake mwenyewe. Qasim al-Rajab alizitafuta chapa za namna hiyo, kurasa zake zikapigwa picha na kuchapwa upya, zikauzwa kwa jina la al-Muthanna. Ibn Khurdadhbih alirudi hivyo Iraki, nchi aliyoandikia kitabu chake. Kazi hii ni ndugu wa ile ya Ibn al-Nadim, ingawa mmoja alishika kalamu na wa pili alitumia mashine.

Qasim al-Rajab alifariki mwaka wa 1974, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha kumbukumbu alizoandika juu ya soko hilo na watu wake.

Soko lenyewe lilipata misiba mizito. Wakati wa vikwazo vilivyoanza mwaka wa 1990, walimu na wanavyuoni walitoa vitabu vyao majumbani, wakavitandaza chini katika mtaa wa al-Mutanabbi, wakauza ili wapate chakula. Tarehe 5 Machi 2007 gari lililojaa baruti lililipuliwa mtaani humo. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na maduka yakaungua pamoja na vitabu vyake. Mwenye mkahawa wa Shabandar, ambao ulikuwa baraza ya wasomaji tangu mwaka wa 1917, alipoteza wanawe wanne na mjukuu mmoja. Aliujenga tena mkahawa huo.

Mtaa ulifunguliwa upya Desemba 2008, ukatengenezwa tena na kufunguliwa Desemba 2021. Siku yake kubwa ni Ijumaa. Wauzaji hutandaza vitabu barabarani tangu asubuhi, vipya na vikuukuu pamoja, na wanunuzi huinama na kuvifungua kimoja kimoja.