Mtoto Anayeduwaa na Mashine Iliyomtetea

Umewahi kumwona mtoto akikatiza maneno ghafla, akatumbua macho, kope zikachezacheza, na baada ya sekunde kumi hivi akaendelea kama kwamba hakuna lililotokea? Haanguki wala hatoi povu. Shuleni huitwa mzembe, na wengi wamechapwa kwa sababu hiyo. Kumbe hicho nacho ni kifafa. Leo tutaangalia jinsi madaktari walivyopata kukiona.

Kisa kinaanzia Jena, Ujerumani. Daktari wa magonjwa ya akili, Hans Berger, alitaka kupima umeme wa ubongo wa binadamu. Mwingereza Richard Caton alikuwa ameuona kwa wanyama mwaka wa 1875. Mwezi Julai 1924, Berger aliunasa kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa akipasuliwa kichwa. Baadaye alimpima mara nyingi mwanawe mwenyewe, Klaus. Alikaa na matokeo hayo miaka mitano, na alipoyachapisha mwaka wa 1929 wengi walitilia shaka. Mambo yalibadilika mwaka wa 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia kipimo hicho na kupata mawimbi yale yale.

Mwaka uliofuata, kule Boston, Marekani, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox waliwapima watu wenye kifafa cha kuduwaa. Mgonjwa alipoduwaa, mchoro ulitoa ncha kali ikifuatwa na wimbi la mviringo, mara 3 kwa kila sekunde. Alipozinduka, mchoro ukatulia. Uzembe hauchori hivyo!

Mpaka leo kipimo hicho, EEG, hufanywa kwa kubandika nyaya ndogo kichwani. Usiogope: haziingizi umeme kwa mtoto, zinasikiliza tu. Nywele zioshwe, zisipakwe mafuta. Mtoto ataambiwa apumue kwa nguvu kama dakika 3, mfano wa anayepuliza moto, na mara nyingi huduwaa papo hapo mbele ya daktari.

Picha za ubongo zilichelewa. Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi wa EMI, kampuni ile ile ya santuri (sisi watu wa redio tunaijua). Mwaka wa 1971 mashine yake ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London, na mwaka wa 1979 yeye na Allan Cormack wakapewa Tuzo ya Nobel. Katika miaka ya 1980 ikaenea MRI, isiyotumia eksirei, ambayo huonyesha hata kovu dogo lisiloonekana kwa CT.

Lakini elewa tofauti. Picha huonyesha umbo la ubongo: uvimbe, kovu, au sehemu isiyokua sawasawa. Umeme hauonekani humo. Mtoto anayeduwaa kwa kawaida picha yake ni safi kabisa, na mara nyingi daktari hataiagiza. Nayo EEG huweza kutoka safi kwa mtoto mwenye kifafa cha aina nyingine, kwa kuwa siku hiyo ubongo ulikuwa umetulia. Ndiyo maana, mama au baba, kabla ya mashine yoyote daktari atakuuliza: kilianzaje, kilichukua muda gani, macho yalielekea wapi? Mwalimu aliyeona naye aulizwe. Ukiwa na simu yenye kamera, rekodi tukio hilo uende nalo kliniki.